Haut-Kœnigsbourg, Pierrefonds au Castelnaud? Kuchagua ngome moja ya kilimani Ufaransa

Anayepanga kutoka Paris kwenda mashambani hukutana na picha zilezile: ngome juu ya kilima, minara yenye paa zilizochongoka, msitu chini yake na bendera kileleni. Picha hizo hazimsaidii mtu kuchagua, maana zote zinavutia kwa namna moja. Ukishafika ndipo unapogundua kwamba ngome zilizofanana kwenye simu hazifanani hata kidogo. Moja ina vyumba vilivyopangwa kana kwamba mwenye nyumba ametoka asubuhi tu. Nyingine ni kumbi kubwa tupu zenye mwangwi. Ya tatu imejaa silaha na mitambo ya vita, na watoto hawataki kuondoka.

Hapa nalinganisha hizo tatu: Haut-Kœnigsbourg iliyoko Alsace, mashariki, Pierrefonds, kaskazini mwa Paris, na Castelnaud, juu ya mto Dordogne, kusini-magharibi. Zote zilijengwa Enzi za Kati, zote zikageuka magofu, zote zikainuliwa tena. Carcassonne nimeiacha kwa makusudi. Ule ni mji mzima wenye kuta mbili na minara 52, nao unahitaji makala yake.

Vigezo

Nimetumia vigezo sita kwa zote: nani aliyeiinua upya na alibakiza nini cha kale, ndani kuna nini, kufika, ngazi, watoto na wazee, majira na umati, na cha kufanya jirani.

Kwangu mimi cha kwanza ndicho kizito kuliko vyote, na ndicho ambacho wageni wengi hawakifikirii. Ngome iliyokarabatiwa ina wajenzi wawili: yule wa kale, na yule wa juzi aliyeamua gofu lirudishwe kwa sura gani. Ukimjua huyu wa pili, utajua unalipia nini mlangoni. Kama shida yako kubwa ni usafiri au mtoto mdogo, ruka moja kwa moja kwenye sehemu hizo.

Nani aliyeiinua upya

Haut-Kœnigsbourg imetajwa kwenye maandishi tangu 1147. Mwaka 1462 miji jirani iliungana kuibomoa kwa sababu ilikuwa imegeuka maficho ya wanyang'anyi. Ukoo wa Thierstein ukaijenga tena. Kisha mwaka 1633, katika Vita vya Miaka Thelathini, jeshi la Waswidi likaizingira kwa siku 52 na kuitia moto. Ikabaki gofu kwa zaidi ya karne mbili na nusu. Mwaka 1899 mji wa Sélestat, uliokuwa unaimiliki, ulimpa Kaiser Wilhelm II kama zawadi, kwa kuwa Alsace ilikuwa chini ya Ujerumani tangu 1871. Kaiser akamkabidhi kazi msanifu Bodo Ebhardt, ambaye aliichimba, akaipima na kuilinganisha na ngome nyingine za wakati wake, kisha akaijenga kati ya 1900 na 1908. Garimoshi dogo lilipandishwa mlimani ili kusogeza mawe. Unachokiona leo ni ngome kamili ya karne ya 15, kama msomi wa mwaka 1900 alivyoamini kwamba ilikuwa.

Nia ya Kaiser ilikuwa wazi: mlima ule useme kwamba Alsace ni ya Wajerumani tangu zamani. Msomaji wa Tanzania hataacha kuitazama miaka hiyo mara mbili. Vita vya Maji Maji vilianza 1905 kwenye milima ya Umatumbi, na Februari 1906 viongozi wa Wangoni walinyongwa Songea, kwa mamlaka ya Kaiser huyohuyo ambaye mafundi wake walikuwa wakichonga mawe ya waridi Alsace. Mei 1908 alipoizindua ngome kwa shangwe, nchi ya kusini mwa Tanganyika ilikuwa bado inahesabu waliokufa kwa vita na kwa njaa iliyofuata mashamba na maghala kuchomwa. Maelezo ya pale mlimani yanahusu Alsace, na ni haki yake. Lakini mimi naona Mswahili anayepanda kule apande akilijua na hili. Ngome haipotezi uzuri wake. Inapata uzito mwingine.

Pierrefonds ilianza kujengwa mwishoni mwa karne ya 14 na Louis d'Orléans, ndugu wa mfalme Charles VI, aliyeuawa Paris mwaka 1407. Mwaka 1617 ilibomolewa kwa amri ya utawala wa Louis XIII isije ikatumiwa tena na waasi. Ilikaa gofu hadi 1857, Napoleon III alipomwita Eugène Viollet-le-Duc, msanifu yuleyule aliyeipa Notre-Dame ya Paris mnara uliochongoka ambao dunia iliuona ukianguka kwa moto mwaka 2019. Mwanzoni mpango ulikuwa mdogo: kukarabati mnara mkuu tu na kuacha mengine yakiwa magofu ya kupendeza. Baadaye mfalme akataka kasri zima. Viollet-le-Duc mwenyewe aliandika kwamba kukarabati jengo ni kulirudisha katika ukamilifu ambao huenda haukuwahi kuwepo wakati wowote, na Pierrefonds ndiyo kauli hiyo ikiwa imesimama kwa mawe. Nje alifuata kwa karibu kilichobaki. Ndani alibuni. Alifariki 1879, kazi ikasimama 1885, na baadhi ya vyumba havikumalizwa kamwe.

Castelnaud haikuwa na mfalme wa kuiinua. Inatajwa mwaka 1214, Simon de Montfort alipoitwaa kutoka kwa bwana aliyekuwa upande wa Wakathari, Wakristo ambao Kanisa Katoliki liliwahesabu wazushi. Katika Vita vya Miaka Mia ilibadilika mikono mara nyingi kati ya Waingereza na Wafaransa, hadi Wafaransa walipoitwaa moja kwa moja mwaka 1442. Baada ya Mapinduzi ya Ufaransa iliachwa, na watu wakawa wanachukua mawe yake kwa ujenzi. Ukarabati ulianza nusu ya pili ya karne ya 20, chini ya familia binafsi inayoimiliki, nao umekwenda hatua kwa hatua. Kuna sehemu zilizorudishiwa paa na sakafu, na kuna sehemu zilizoachwa wazi kwa anga. Kwa hiyo hapa hakuna aliyeota ndoto kwa niaba yako: pengo likiwepo, unaliona ni pengo.

Ndani

Hapa Haut-Kœnigsbourg inatoa mengi. Unaingia kwa daraja la kuinuliwa, unapita kiwanja chenye karakana ya mhunzi na kinu cha upepo, unakuta kisima kilichochimbwa kwenye mwamba kwa zaidi ya mita 60, kisha jiko, kanisa dogo, vyumba vya kulala na ukumbi wa silaha. Samani ni za karne ya 15 hadi ya 17, zilizokusanywa wakati wa ukarabati. Simama kidogo mbele ya majiko ya vigae yaliyo vyumbani, makubwa kupita kimo cha mtu, vigae vyake vikiwa na nakshi na mng'ao wa rangi. Hayo ndiyo yaliyowapa watu joto katika mlima wenye baridi kali, na yanaeleza maisha ya humo kuliko upanga wowote. Katika ukumbi wa Kaiser, inua macho: tai mkubwa wa dola ya Ujerumani amechorwa darini na Léo Schnug, mchoraji wa Alsace.

Pierrefonds ni kinyume. Vyumba vingi ni vitupu, na anayetarajia vitanda na meza atatoka amevunjika moyo. Utajiri wake uko kwenye nakshi za kuta na kwenye uchongaji. Ukumbi wa Preuses una urefu wa mita 52, na juu ya meko yake wamesimama mashujaa tisa wa kike wa mawe. Wa katikati amepewa sura ya Malkia Eugénie, mke wa Napoleon III, na wengine sura za wanawake wa baraza lake. Uani, tazama madirisha ya paani: paka wa mawe wamekaa huko, kila mmoja na pozi lake. Mlangoni mwa kanisa kuna sanamu ya Mtakatifu Yakobo, na uso aliopewa ni wa Viollet-le-Duc mwenyewe. Chini ya ardhi kuna chumba chenye nakala za sanamu za wafalme na malkia waliolala juu ya makaburi yao, zikiangazwa kwa taa hafifu na sauti. Mtu anayependa michoro na uchongaji hupotea humo saa nyingi.

Castelnaud imegeuzwa jumba la makumbusho ya vita vya Enzi za Kati tangu 1985: panga, deraya, pinde za chuma, mizinga ya mwanzo. Kinachobaki kichwani ni mitambo ya kurusha mawe iliyojengwa upya kwa ukubwa wake halisi na kusimamishwa nje. Mkono mrefu wa mti umelala juu ya mhimili. Upande mfupi una sanduku zito, upande mrefu una kombeo. Sanduku likianguka, mkono unapaa na kombeo linafunguka lenyewe angani. Ukisimama karibu na mtambo huo na kuutazama ukuta wa ngome, unaelewa kwa nini kuta ziliongezwa unene, na kwa nini mwanzoni mwa karne ya 16 ukajengwa mnara wa duara wenye matundu ya mizinga. Katika likizo na majira ya joto huwa kuna maonyesho ya mitambo hii na ya uhunzi.

Kufika

Pierrefonds ndiyo iliyo karibu na Paris. Unapanda treni Gare du Nord hadi Compiègne, safari isiyozidi saa moja hivi, kisha basi la mkoa hadi kijijini. Angalizo ni hilo basi: ni machache, na Jumapili huwa machache zaidi. Angalia ratiba ya kurudi kabla hujaondoka, au uwe na nambari ya teksi ya Compiègne.

Haut-Kœnigsbourg inafikika kutoka Strasbourg au Colmar kwa treni hadi Sélestat, kisha basi maalumu linalopanda mlimani. Majira ya joto basi hilo ni la kila siku. Miezi mingine hutegemea wikendi na sikukuu. Walioko Ujerumani kusini-magharibi au Basel wako karibu zaidi kuliko wa Paris.

Castelnaud inahitaji gari. Treni kutoka Bordeaux inafika Sarlat kwa muda usiopungua sana saa tatu, na kutoka Sarlat ni kilomita kama 12 bila usafiri wa umma wa kutegemea. Usijaribu kwenda na kurudi Paris siku moja. Mwenye leseni ya Kenya au Tanzania aliyekuja kwa matembezi anaruhusiwa kuendesha Ufaransa, ila leseni hiyo iambatane na tafsiri rasmi ya Kifaransa au leseni ya kimataifa, na hiyo ya kimataifa huchukuliwa nyumbani kabla ya safari.

Ngazi, watoto na wazee

Hakuna hata moja kati ya hizi iliyo rafiki wa magoti. Haut-Kœnigsbourg ina ngazi nyingi, nyembamba na za kuzunguka, na gari la mtoto halina kazi humo, mbebe mgongoni. Castelnaud inaanza kukuchosha kabla ya mlango, maana kutoka maegesho na kijijini ni mwinuko wa mawe, na ndani sakafu hazilingani. Pierrefonds ina nafuu kidogo: ngome iko juu ya kilima kifupi katikati ya kijiji, ua ni mpana, na mzee asiyetaka kupanda juu anaweza kukaa pale na bado akaona mengi. Mwenye kiti mwendo awasiliane na ngome kabla ya kwenda, yoyote atakayochagua.

Kwa watoto wa shule ya msingi, Castelnaud inazipita zote, sina shaka. Mtoto anaiona nguvu ya mtambo kwa macho yake, haambiwi tu. Haut-Kœnigsbourg inafuata kwa sababu ya daraja, kinu na kisima. Pierrefonds humfaa zaidi kijana aliyeanza kupenda kuchora.

Majira na umati

Haut-Kœnigsbourg inapokea wageni kama nusu milioni kwa mwaka, na Agosti utawahisi wote. Fika mlango unapofunguliwa. Mwinuko wake ni zaidi ya mita 700 juu ya bahari, kwa hiyo upepo ni mkali hata Juni. Wa kwetu wasiozoea wabebe koti. Vuli ina zawadi yake: asubuhi nyingine ukungu hufunika tambarare yote ya Alsace, na ngome hubaki juu kwenye jua. Siku nyingine ukungu huo hupanda hadi kwako na huoni kitu. Hali ya hewa ikiwa wazi, unaona mashamba ya mizabibu chini, bonde la mto Rhine, Msitu Mweusi upande wa Ujerumani, na mara chache milima ya Alpi. Hapo unaelewa kwa nini ngome iko pale: aliyekaa juu aliona barabara za mvinyo na nafaka kutoka kaskazini kwenda kusini, na za chumvi na madini ya fedha kutoka magharibi kwenda mashariki.

Bonde la Dordogne hujaa Julai na Agosti, na barabara zake ni nyembamba. Mei, Juni na Septemba ni nzuri zaidi. Pierrefonds haina msongamano wa namna hiyo, ila miezi ya baridi hufungwa baadhi ya siku na saa hupunguzwa.

Jirani kuna nini

Chini ya Haut-Kœnigsbourg, huko Kintzheim, kuna mlima wa nyani wa Barbary wanaozurura huru msituni na kituo cha maonyesho ya tai. Vijiji vya mizabibu, Ribeauvillé na Riquewihr, viko karibu, na Colmar pia. Asiyekula nguruwe aulize kabla ya kuagiza, kwa maana vyakula vingi vya Alsace vina nyama hiyo, hata ule mkate mwembamba wa krimu na vitunguu uitwao tarte flambée. Omba usio na nyama.

Pierrefonds ina ziwa dogo kijijini, na imezungukwa na msitu wa Compiègne. Katika msitu huo ndimo mkataba wa kusitisha Vita vya Kwanza vya Dunia uliposainiwa, ndani ya behewa la treni, 11 Novemba 1918. Behewa la awali liliharibiwa 1945. Lililopo sasa ni la aina ileile. Habari ya mkataba huo ilichelewa kufika kwetu, na jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki, lililojaa askari na wapagazi Waafrika, lilisalimu amri Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba tu.

Castelnaud ina jirani wa ajabu. Ng'ambo ya mto inaonekana Beynac, ngome pinzani iliyokaa ukingoni mwa jabali. Wakati wa Vita vya Miaka Mia, ngome moja ilikuwa ya upande wa Ufaransa na nyingine ya Waingereza, zikitazamana hivyohivyo. Na katika manispaa hiyohiyo ya Castelnaud-la-Chapelle kuna kasri la Milandes, nyumba ya Josephine Baker, Mmarekani mweusi aliyecheza na kuimba Paris, akafanya ujasusi dhidi ya Wanazi, na kulea humo watoto 12 aliowaasili kutoka sehemu mbalimbali za dunia. Alilinunua 1947 na kulipoteza kwa madeni miaka ya 60 mwishoni. Mwaka 2021 akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuingizwa Panthéon, jengo la Paris wanamoenziwa mashujaa wa Ufaransa. Nguo zake za jukwaani zinaonyeshwa hapo. Mwafrika anayefika Castelnaud akaondoka bila kupita Milandes amejinyima. Mtoni unaweza kukodi mtumbwi na kushuka taratibu ukizitazama ngome kutoka chini.

Gharama

Bei za tiketi hubadilika, kwa hiyo tazama tovuti rasmi ya kila ngome. Jambo moja la kujua: Pierrefonds iko chini ya taasisi ya taifa ya majengo ya kihistoria, na walio chini ya miaka 18 huingia bure, pamoja na raia wa Umoja wa Ulaya na wakazi halali wa Ufaransa wenye miaka 18 hadi 25. Mwanafunzi wa umri huo kutoka Afrika mwenye kibali cha kukaa Ufaransa amo humo. Abebe kadi yake. Castelnaud ni mali binafsi na ina utaratibu wake, Haut-Kœnigsbourg ni ya mamlaka ya Alsace. Ghali kuliko tiketi ni gari la kukodi na kulala, na hapo Dordogne ndiyo inayomeza fedha.

Kwa hali yako

Uko Paris na una siku moja tu, huna gari: Pierrefonds, siku isiyo Jumapili.

Uko Strasbourg kwa mkutano, au unaishi Ujerumani na una wikendi: Haut-Kœnigsbourg, na ulale Sélestat au Colmar ili upande mapema.

Una familia, gari na siku tatu au nne: Castelnaud, pamoja na Milandes na soko la Jumamosi la Sarlat.

Unataka kuona watu waliishije, wakapika wapi na kuota moto wapi: Haut-Kœnigsbourg. Unataka kuona sanaa ya mtu mmoja aliyepewa kasri zima na uhuru: Pierrefonds. Unataka mawe ya kale bila nyongeza nyingi, na kuelewa vita vilipiganwaje: Castelnaud.

Unasafiri na mzazi mwenye magoti mabovu: Pierrefonds, mkaanzie uani, kisha mzunguke ziwa. Unafuatilia historia ya Ujerumani na Afrika Mashariki: Haut-Kœnigsbourg, na usitoke kabla ya kusimama chini ya yule tai wa darini.

Na ukiwa na muda wa mbili, changanya Pierrefonds na Haut-Kœnigsbourg. Zote mbili unazifikia kwa treni na basi kupitia Paris, na ukiziona kwa kufuatana utawaona Viollet-le-Duc na Ebhardt wakibishana juu ya swali lilelile: gofu lirudishiwe nini.